Wenye PhD za kompyuta waruhusiwe kwenda postidoki, na nafasi zao zisifutwe

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii ni ndefu kuliko mlizozoea lakini naomba msiikate sana maana jambo lenyewe limenikaa rohoni na sijaona mtu akiliandika gazetini. Mimi nafundisha programu za kompyuta hapa Mwanza. Ninachotaka kusema ni kwamba tuna watu wachache sana wenye PhD za kompyuta, na kati ya hao wachache wapo wanaopata nafasi za postidoki nje kwenye fani ya uhakiki wa softiwea, yaani kuthibitisha kwa hesabu kwamba programu haina kasoro, nafasi za kulipwa mshahara kabisa, halafu zinawaponyoka mkononi kwa sababu mwajiri wa hapa nyumbani hajui postidoki ni kitu gani na hana fomu ya kuwaruhusu.

Postidoki sio shahada. Ukishatetea PhD yako ukapita, chuo au taasisi ya utafiti inakuajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine mitatu, unafanya utafiti kwenye timu ya profesa ambaye ana mradi wenye hela, unalipwa mshahara, unakatwa kodi na bima kama mfanyakazi mwingine yeyote, hakuna ada wala mtihani na mwisho wake hakuna kuvaa joho. Kule Ujerumani kwa mfano wengi wanalipwa kwa ngazi ya E13 ambayo ni ngazi ya mishahara ya umma inayojulikana, mtu yeyote anaweza kuiangalia. Ni kazi. Ni kipindi ambacho mtafiti anaacha kuwa mwanafunzi wa mtu na anajifunza kuongoza utafiti wake mwenyewe, na kwenye vyuo vikubwa vya nje wengi wa fani hii wanaopewa uprofesa siku hizi wamepitia hapo.

Sasa taratibu zetu nyingi za kumruhusu mfanyakazi kwenda nje zimetengenezwa kwa ajili ya masomo. Nilishuhudia kwa dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, jina lake silitaji na chuo chake pia sikitaji maana nia yangu si kumchongea mtu. Alimaliza PhD kwenye uchambuzi wa programu, ambao ni sehemu ya fani hiyo ya uhakiki, akaomba nafasi kwenye maabara moja Ujerumani, akahojiwa kwa video, akapata, mkataba wa miaka miwili. Akapeleka barua kwa mwajiri wake. Akaulizwa unakwenda kusomea nini wakati PhD tayari unayo? Akaeleza. Akaambiwa ajaze fomu ya ruhusa ya masomo, na fomu inataka uandike shahada unayoisomea na nani analipa ada, yeye hana cha kujaza hapo, fomu ikarudishwa. Akaambiwa basi omba likizo bila malipo, akaomba, ikaonekana miaka miwili ni mingi mno, barua ikawa inazunguka meza hii meza ile, kule Ujerumani wakamsubiri wakasogeza tarehe wakasubiri tena, mwisho wakamuandikia kwa heshima kwamba mradi una tarehe zake na hawawezi kuendelea kusubiri. Nafasi akapewa mtu wa nchi nyingine. Yeye yupo mpaka leo, anafundisha utangulizi wa kompyuta kwa darasa la mamia ya wanafunzi na utafiti wake umesimama.

Labda mtu atasema ni mtu mmoja huyo, na hiyo fani yenyewe inatuhusu nini sisi wa kanda ya ziwa. Inatuhusu sana tu.

Mtakumbuka mwaka 2024 ukinunua umeme wa LUKU unaletewa namba nyingi kuliko kawaida, makundi matatu ya tarakimu 20, unaambiwa ingiza kundi la kwanza, halafu la pili, halafu ndio la tatu lenye umeme wenyewe. Mtaani kwetu Buhongwa wapo waliodhani ni makato mapya. Kumbe sababu ilikuwa hesabu. Mita za aina hii duniani zinafuata kiwango kinachoitwa STS, na kila tokeni inabeba ndani yake namba ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Hiyo namba ilitengewa biti 24, yaani nafasi 24 za kuandika 0 au 1, na biti 24 zinatosha kuhesabu dakika 16,777,216 tu, ukizigawa kwa dakika 1,440 za siku moja unapata siku 11,650 na kidogo, zihesabu kuanzia 1993 utaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Ikipita hapo namba inarudi sifuri, na mita inaiona tokeni mpya kama ni ya zamani inaikataa. Na niseme wazi halikuwa kosa la TANESCO, waliotunga kiwango walilijua mapema, mashirika ya umeme yakapewa muda wa kubadilisha funguo za mita na ndio zile namba za ziada tulizokuwa tunaingiza. Lilikamatwa kwa sababu kuna watu walikaa chini wakapiga hesabu miaka mingi kabla.

Sasa chukua fundi anayetesti mita hiyo mwaka 1995. Ataingiza tokeni elfu moja, zote zitakubali. Mwaka 2005 zitakubali, mwaka 2020 zitakubali. Kutesti kunakuambia ulichokijaribu kimefanya kazi, kuhusu ambacho hujakijaribu hakukuambii chochote, na hilo Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, alishalisema tangu 1969 kwamba kutesti kunaonyesha kasoro zipo, hakuwezi kuonyesha kwamba hazipo. Mbona daraja la Kigongo-Busisi hatukulifungua mwaka 2025 kwa kupitisha malori machache na kuona halijaanguka, wahandisi walishapiga hesabu ya uzito na upepo na mawimbi kabla nguzo ya kwanza haijasimama, lakini kwenye programu zinazobeba hela za watu tumeridhika na kupitisha hayo malori machache.

Uhakiki wa softiwea ndio hiyo hesabu ya kwenye programu. Unathibitisha kwamba programu haiwezi kufika mahali pabaya, kwa namba yoyote utakayoipa, leo au baada ya miaka 30. Na uchambuzi wa programu ni njia mojawapo ya kufika huko, badala ya kuiendesha programu kwa namba moja moja unaisoma mstari kwa mstari ukiwa umebeba mipaka, unasema hapa thamani iko kati ya 0 na 100, mstari unaofuata inazidishwa mara tatu kwa hiyo iko kati ya 0 na 300, mstari unaofuata inawekwa kwenye sehemu inayobeba mpaka 255, basi hapo simama, kuna hatari. Na kazi hiyo anaifanya kompyuta, sio mtu kwa kalamu. Msingi wa njia hii uliwekwa na Patrick Cousot na mke wake Radhia Cousot mwaka 1977 kule Ufaransa, na huyo mama Radhia alizaliwa Tunisia, naomba wasichana wanaosoma kompyuta walijue hilo maana darasani kwangu wengi hawajawahi kusikia mwanamke wa Afrika akitajwa kwenye hesabu za kompyuta.

Ugumu wake ni kwamba haiwezekani kutengeneza programu moja itakayojibu sawasawa kila swali kuhusu kila programu nyingine, mwanahisabati Alan Turing wa Uingereza alithibitisha hilo mwaka 1936 kabla kompyuta za leo hazijakuwepo. Kwa hiyo vyombo vya uchambuzi, yaani programu zinazochambua programu nyingine, vinakisia kwa upande wa usalama, vinapiga kengele hata pasipo na hatari, na kengele za uongo zikizidi fundi anaacha kuzisikiliza. Kupunguza kengele za uongo bila kukosa ya kweli, kufanya hivyo kwenye programu yenye mistari laki kadhaa, kwenye programu ambayo kazi nyingi zinafanyika kwa wakati mmoja, kwenye programu zilizoandikwa na akili bandia ambazo sasa zinamiminika kila siku, huo ndio utafiti wenyewe, na ndio sababu maabara za nje kila mwaka zinatafuta watu wa postidoki. Kazi ipo na itakuwepo.

Mwaka 1996 sisi wa Mwanza tuna msiba wetu tunaoukumbuka, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei. Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Juni, roketi ya Ulaya Ariane 5 ilipasuka angani sekunde kama 40 tu baada ya kuruka, na hii chanzo chake kilikuwa programu. Namba ya biti 64 ya kasi ya pembeni iliingizwa kwenye sehemu ya biti 16 ambayo mwisho wake ni 32,767, haikutosha, kompyuta ya kuongoza ikazima. Kipande hicho cha programu kilichukuliwa kutoka Ariane 4 ambako kilifanya kazi miaka yote bila shida kwa sababu Ariane 4 haikuwa na mwendo ule. Hapo ndipo watu wa Ulaya walipoamka. Timu ya Cousot pale Paris ikatengeneza chombo kinaitwa Astrée, na mwaka 2003 kikathibitisha programu ya kuongozea ndege ya Airbus A340, mistari 132,000, kwamba haina makosa ya aina hiyo ya kuzidiwa namba au kugawa kwa sifuri, na kompyuta ya mezani ya kawaida ilichukua saa moja na dakika 20 kuimaliza. Treni ya chini ya ardhi ya Paris, laini namba 14, iliyofunguliwa 1998, inakwenda bila dereva na sehemu za usalama za programu yake zilithibitishwa kwa hesabu. Sydney, Australia, mwaka 2009 walithibitisha kiini cha mfumo wa kompyuta kinachoitwa seL4, mistari ya programu kama 8,700 na uthibitisho wa mistari kama 200,000, kwa hiyo ni kazi nzito kweli inayohitaji watu waliofundishwa miaka.

Lakini kama roketi na ndege ziko mbali na sisi, ngoja nitaje ambacho kiko karibu na kila duka la wakala wa pesa kuanzia Igoma mpaka Pasiansi. Uingereza, shirika la Post Office lilikuwa na mfumo wa mahesabu unaitwa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulikuwa unaonyesha upungufu wa hela kwa mawakala wake, wakala anasema hela sijachukua, anaambiwa kompyuta haikosei. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba kulipa hela ambazo hazikuwahi kupotea, na wapo waliojiua. Ilipofika 2024 bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Nchi ile yenye wanasheria na wahandisi wote wale ilichukua miaka kama 20 kukubali kwamba kasoro ilikuwa kwenye programu.

Sasa fikiria sisi. Mama muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba analipwa kwa simu na mteja aliyeko Congo au Dar, ushuru analipa kwa kontroo namba, umeme kwa tokeni, nauli, ada ya mtoto, mkopo wa kikundi, vyote ni programu. Ikitokea siku wakala wa Nyakato ameambiwa ana upungufu wa milioni tatu, nani hapa nchini ana ujuzi wa kuichukua ile programu akaichambua na kusimama mbele ya hakimu akasema kwa uhakika kwamba kasoro ni hii na iko mstari huu, au kwamba programu ni salama na huyu kweli amechukua hela? Naongelea mtu wa hesabu za uthibitisho, sio mtu wa kuandika programu tu, hao tunao na ni wazuri sana. Wa aina ile tunao wa kuhesabika kwa vidole, na mmoja wao ndio huyo dada anayefundisha utangulizi wa kompyuta.

Kinachonitia moyo ni kwamba fani hii haihitaji majengo. Mwenzangu wa kemia anahitaji maabara na mashine, wa hapa kwenye uvuvi anahitaji boti na mafuta, wa uhakiki wa softiwea anahitaji laptopu, umeme, intaneti na muda wa kufikiri. Vyombo vyenyewe vingi ni vya bure, Z3 ya Microsoft ni wazi kwa kila mtu tangu 2015, CPAchecker, CBMC, Frama-C, Dafny, vyote mwanafunzi wa Malimbe anapakua usiku mmoja. Kuna mashindano ya kila mwaka tangu 2012 yanaitwa SV-COMP ambapo vyombo vya uhakiki kutoka duniani kote vinapewa programu zile zile na kupimwa nani kagundua kasoro na nani kasema uongo, na mifano yake yote iko wazi, yani ni mali ghafi ya utafiti iliyowekwa mezani.

Na kuna mji mmoja ambao natamani viongozi wa vyuo vyetu wausome vizuri, Manaus, Brazil. Uko katikati ya msitu wa Amazon kando ya mto, mbali kabisa na Rio na São Paulo. Lucas Cordeiro alisomea PhD yake Southampton Uingereza akamaliza 2011, akarudi kufundisha chuo kikuu cha serikali pale Manaus, akaendelea kukuza chombo cha uhakiki kinachoitwa ESBMC pamoja na wanafunzi wake wa pale pale na wenzake wa Southampton na Stellenbosch ya Afrika Kusini, na chombo hicho kimekuwa kikishinda medali kwenye SV-COMP. Baadaye alikwenda Oxford, sasa yuko Manchester, na wanafunzi wa Manaus wameendelea kuandika makala pamoja naye. Mji wa pembezoni uliingia kwenye ramani ya fani nzima kwa sababu mtu aliachiwa akaenda, akarudi, akaondoka tena, na kamba haikukatika. Mwanza ina nini pungufu? Watoto wetu wa hesabu nawaona darasani kila siku, wapo.

Najua hoja inayotolewa kwenye vikao, kwamba tukiwaachia hawarudi. Naielewa, na sisemi hakuna asiyerudi. Ila tuangalie hali halisi, ukimzuia mtu mwenye PhD asiende, hapo hapo umempoteza, kwa sababu mtafiti asiyetafiti baada ya miaka mitatu minne ameachwa na fani yake, makala mpya hazielewi vizuri, wenzake hawamkumbuki, na wanafunzi wake wanafundishwa yale aliyosoma yeye zamani. Au anaacha kazi kabisa anaondoka kwa hasira, na huyo ndio kweli harudi. Aliyeondoka akiwa na barua inayosema nafasi yako ipo, cheo chako kipo, michango yako ya pensheni tumekubaliana inalipwaje, huyo ana sababu ya kurudi, na hata akichelewa ataleta mwanafunzi mmoja mmoja, atasimamia tasnifu kwa mtandao, atatuandika kwenye miradi yake.

Kwa vijana wenyewe, wenye PhD au wanaokaribia, niwape ninachokijua. Njia ni mbili. Ya kwanza ni nafasi inayotangazwa na profesa mwenye mradi, na hizi ndio nyingi, zinawekwa kwenye kurasa za maabara zenyewe. Angalia taasisi ya Max Planck ya mifumo ya softiwea iliyoko Kaiserslautern na Saarbrücken, taasisi za utafiti IMDEA Software ya Madrid na INRIA ya Ufaransa, chuo kikuu cha LMU cha Munich ambako CPAchecker inatunzwa, ETH ya Zürich, Oxford, Imperial ya London, chuo cha taifa cha Singapore, na kwa hapa Afrika Stellenbosch. Wanataka CV, maelezo ya utafiti wa kurasa chache, na majina ya watu wawili watatu wa kukuandikia. Usimtumie imeli moja maprofesa 50 ukiwa umebadilisha jina tu, wanaijua hiyo na hawaijibu. Soma makala mbili za yule unayemuandikia, mwambie kipande kipi kimekuvutia na wewe ungekisogeza vipi, mstari mmoja wa namna hiyo unazidi kurasa mbili za kujisifia. Na kama una chombo ulichokitengeneza, hata kidogo, kiweke wazi ili akijaribu kifanye kazi kwake. Fani hii inasoma sana makala za mikutano kama CAV, POPL, PLDI, TACAS na ICSE, kuliko majarida ambayo vyuo vyetu vimezoea kuyahesabu kwenye kupandisha vyeo, kwa hiyo msimamizi wako akikuambia achana na mikutano, mueleze kwa adabu kwamba wanaoajiri wanaangalia huko.

Njia ya pili ni ufadhili unaouomba wewe mwenyewe pamoja na profesa wa kukupokea. Mkubwa wa Ulaya ni Marie Skłodowska-Curie, unapokea watu wa uraia wowote, uwe na PhD tayari na isizidi miaka minane ya utafiti baada yake, na usiwe umeishi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyopita, sharti ambalo kwa aliyesomea PhD yake hapa Tanzania ni faida maana nchi zote za kule ziko wazi kwake. Ujerumani kuna Alexander von Humboldt, Japani kuna JSPS, Uswisi kuna ufadhili wa serikali yao ambao una kipengele cha postidoki. Na tafadhali sana, hakuna hata mmoja kati ya hawa anayedai hela. Kuna watu wanazunguka vyuoni wakisema nipe laki tatu nikushughulikie nafasi ya utafiti Ulaya, huyo ni tapeli, mfukuze.

Sasa maombi yangu kwa wenye mamlaka. Vyuo viandike kwenye kanuni zao za utumishi kwamba postidoki ni kazi ya utafiti ya muda maalum, mtumishi anaachiwa kwa likizo bila malipo au kuazimwa mpaka miaka miwili au mitatu, nafasi yake inashikiliwa, na barua inajibiwa ndani ya mwezi mmoja. Hela yake ni ndogo, mshahara analipwa na kule, wewe unahitaji mtu wa kushika vipindi vyake. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wakitoa mwongozo mmoja kwa vyuo vyote itasaidia zaidi, maana ofisi za utumishi zinaogopa kuamua jambo ambalo halijaandikwa popote.

Halafu tuanze na zetu. COSTECH imeanzishwa kwa sheria ya 1986 na kazi yake ni kuendeleza utafiti wa sayansi, Mamlaka ya Serikali Mtandao ndio inasimamia mifumo ya serikali, Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo kwa papo. Kwa nini taasisi hizi tatu zisikae pamoja zikafungua nafasi za postidoki hata mbili tu kwa kuanzia, mtu arudi kutoka nje akute kazi ya kuchambua mifumo yetu ya malipo, na moja kati ya hizo mbili iwe Mwanza sio zote Dar na Dodoma? Kanda ya ziwa ina vyuo, ina wafanyabiashara wanaoishi kwa malipo ya simu, ina meli na vivuko. Mtafiti wa namna hiyo akikaa hapa hata wavulana na mabinti wangu wa mwaka wa tatu watapata mtu wa kumuuliza maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu.

Dirisha la Marie Curie huwa linafungwa mwezi Septemba, na kuandika ombi na profesa wa kule kunachukua miezi. Anayetaka kuomba mwaka huu anatakiwa aanze sasa, na ofisi za utumishi zikipokea barua ya namna hiyo naomba wasiitafutie sehemu kwenye fomu ya masomo, wamuite mhusika wamsikilize.

Ahsante kwa nafasi, Mhariri.

Mwalimu wa kompyuta,
Buhongwa, Mwanza.